Kamba ya Mafundo Matatu

Kwa miezi minane nilikuwa nikimhesabu mume wangu vidole kila aliporudi kazini. Sikumwambia. Nilimpokea mfuko mlangoni, nikamshika mkono kama mke mwenye mapenzi mazito, na kimoyomoyo nikaanza: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kisha mkono wa pili. Vikitimia kumi ndipo niliposhusha pumzi na kwenda kupakua chakula.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, upande wa kukata karatasi. Mashine yake ina kisu kirefu kuliko mkono wa mtu mzima, kinachoshuka mara moja na kupita kwenye rundo la karatasi mia tano bila kusitasita. Amekaa nayo miaka thelathini na moja. Wenzake wanamwita Milimita, kwa sababu kitabu alichokikata yeye ukikipima hukuti kosa. Nami nimelichukua jina hilo. Nikiwa na furaha naye namwita Milimita, na nikimkasirikia namwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya juu.

Nilichokuwa nakiogopa ni macho yake. Mimi ni fundi cherehani, na tangu tuoane yeye ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano za mkono. Asubuhi kabla hajatoka alinitungia sindano sita, akazichomeka kwenye kitambaa kilichoning'inia ukutani, zikanitosha mchana kutwa. Mwaka jana sindano sita zikawa nne, nne zikawa mbili, kisha akaanza kuzilaumu. "Sindano za siku hizi hazina matundu," alisema. Nikanunua zenye matundu ambayo hata mbuzi angepita. Akasema basi uzi ndio mbovu.

Baada ya uzi ikafuata kamera.

Kamera ile ni ya marehemu baba yake, ya filamu, ya chuma tupu, imenizidi umri kwa miaka miwili. Kila Jumapili mchana mume wangu hutandika taulo mezani, akaipuliza vumbi kwa kipira, akaisugua kingo kwa brashi aliyoniibia kwenye vipodozi vyangu, akaifuta lenzi kwa kipande cha fulana laini iliyofuliwa mara mia. Kisha huifyatua bila filamu, kwa kila kasi yake, sikio likiwa karibu, ili springi za ndani zisilale. Watoto wetu walipokuwa wadogo walikuwa wakisema baba anaipima kamera homa. Mfuko wake wa ngozi ulishakatika kifungo zamani, kwa hiyo hufungwa kwa kamba nyeupe ndefu yenye mafundo matatu, iliyokuwamo humo humo tangu enzi za baba mkwe.

Lazima nieleze inavyofanya kazi, maana balaa lote lilitokea hapo. Kamera hii haikuonyeshi kitu kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kijidirisha kidogo juu, na katikati yake kuna kidoa cha njano. Ndani ya kidoa hicho unamwona mtu mara mbili, yeye na mwenzake wa kufifia pembeni. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili waingiane, wawe mtu mmoja. Wakishakuwa mmoja, bonyeza, picha itatoka safi.

Kwa mume wangu wale wawili waliacha kuwa mmoja.

"Imegongwa," alisema Jumapili moja. "Nani aliigusa?"

Hakuna aliyeigusa. Watoto wameshaoa na kuolewa, ndani tuko wawili na cherehani. Akafungua kifuniko cha juu kwa bisibisi ndogo, akakuta skrubu mbili nyembamba zinazorekebisha kile kidoa, akaanza. Jumapili hiyo alizungusha robo. Iliyofuata, robo tena kurudi nyuma. Jumapili ya tatu akaniita mlangoni nyuma ya nyumba, akaniwekea kamera usoni, lenzi imezungushwa mpaka mwisho, kwa vitu vya mbali kabisa.

"Wewe macho yako yamezoea kazi ndogo ndogo. Itazame ile nguzo ya umeme kule mwisho wa barabara. Unaziona ngapi?"

Nikachungulia. Nguzo ilikuwa moja. Moja, imesimama wima, safi, na waya zake nikaziona kila mmoja peke yake.

"Mbili, siyo?" akauliza.

Nikamtazama. Alikuwa ameshika bisibisi, amenikodolea macho kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nikaona yote kwa mara moja. Nikisema moja, kamera itakuwa nzima, na kitakachobaki kuwa kibovu ni yeye. Kesho ataingia kiwandani akijua. Au hataingia kabisa, na Milimita bila kisu chake ni nani? Niliogopa, nami nikiogopa mdomo wangu hufanya haraka kuliko akili.

"Mbili," nikasema.

Akafurahi. Ndicho kilichoniuma. Alifurahi kwelikweli, akanipiga begani, akasema, "Nilijua mimi si kichaa." Akakaa chini na kuzungusha skrubu mpaka nguzo zake mbili zikawa moja kwa jicho lake. Kuanzia siku hiyo kamera iliharibika kweli, na aliyeiharibu ni mimi.

Ingekuwa kamera ya mchezo nisingejali. Lakini ukoo huu una jambo lake. Ukutani kwa mama mkwe zimepangwa picha tano, na kila moja ilipigwa siku ambayo watoto wote sita walikuwa pamoja na mama yao, mahali pale pale, kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, kwa kamera ile ile. Simu wanazo wote, na picha za simu wamepiga kwa maelfu, ila za simu zinakufa na simu zake. Za ukutani zipo. Mpigaji huwa nje ya picha. Baba mkwe hayumo hata katika moja. Ya tano ndiyo ya mwisho aliyoipiga, miaka kumi na sita iliyopita. Mama mkwe amekaa katikati, mkono wa kulia amekunja ngumi juu ya goti. Mashemeji zangu hawachoki na ngumi ile. "Mama alikuwa anaficha peremende," husema, na yeye hutabasamu bila kujibu. Miezi michache baadaye baba mkwe akateleza kwenye maji kwenye ngazi hizo hizo, akavunjika nyonga, hakuamka tena kitandani. Tangu hapo watoto sita hawajawahi kutimia.

Sasa wakawa wanatimia. Shemeji mkubwa, anayefanya kazi kwenye meli za mizigo, alipata likizo ya siku chache. Wote wakakubaliana Jumamosi moja, na Jumapili alfajiri wawili wangekuwa safarini tena. Mama mkwe ana miaka themanini na minne. Hakuna aliyesema hii ni ya mwisho, lakini kila mtu alinunua nguo mpya. Yeye mwenyewe alishapigilia msumari wa picha ya sita.

Zilibaki wiki nne. Mume wangu akapiga filamu ya majaribio: mimi kwenye cherehani, mimi mlangoni, mimi nikimwambia aache. Alipoirudisha kutoka kwa Mzee wa Studio, yule pekee mjini anayesafisha filamu bado, nilikuwa ukungu katika picha zote. Ukuta nyuma yangu ulionekana kila tofali, na mimi sikuonekana hata pua.

"Lenzi imeingia unyevu," alisema. Akaifuta. Wiki ya pili akasema ni filamu. Wiki ya tatu hakusema kitu, akawa anaamka na kuitazama kamera kabla ya kunitazama mimi. Nami nilishaanza kumpigia simu kiwandani saa nne, nikijifanya nataka kujua atakula nini. Simu ikiita bila kupokewa, nilipiga tena na tena. Nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye gauni la mteja, nikaufumua, nikaushona pale pale tena.

Jumanne ya wiki ya mwisho nilimvizia akaenda kazini, nikaifunga kamera kwenye kanga, nikaipakata mpaka kwa Mzee wa Studio kama mtoto wa kichanga. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akaitazama upande wa juu.

"Nani amegusa skrubu hizi?"

"Mume wangu."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

Akafungua mgongo wa kamera, akabandika karatasi nyembamba pale inapopita filamu, akaielekeza mlangoni na kuichungulia karatasi kwa kioo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaanza kukichukia kile kioo.

"Lenzi haina neno," alisema mwishowe. "Kijidirisha ndicho kimepotoshwa. Nusu saa nakirudisha. Lakini nikirudishe kwa jicho la nani, mama? Nikikiweka kwa jicho langu, leo jioni yeye atachungulia, ataona kibovu, atashika bisibisi."

Akanitazama kwa miwani yake mbili, akaelewa.

"Hizi nambari kwenye lenzi unaziona? Mita mbili, tatu, nne. Hizi hazijali kijidirisha. Pima kutoka kwenye kamera hadi kwa mtu, weka nambari, bonyeza. Picha itatoka kama kioo." Akanifungia kamera kwenye kanga yangu. "Na huyo mpeleke akapimwe macho. Kamera haiumwi."

Nilirudi na maneno hayo mdomoni, nikayaweka mezani kila jioni, na kila jioni nikayameza. Jumatano alikuwa amechoka. Alhamisi alikuwa na furaha, nikaogopa kuiharibu. Ijumaa alikuwa akiweka filamu mpya kwa kupapasa, nikasema nitamwambia kesho njiani. Njiani nilizungumza habari za bei ya vitenge.

Jumamosi saa kumi walikuwa wamepangana kwenye ngazi. Mama mkwe katikati kwenye kiti, watoto watano wamemzunguka, wa sita nyuma ya kamera iliyosimama kwenye stendi ya miguu mitatu. Nilikuwa pembeni na tepu yangu shingoni kama daktari, sikuivua tangu asubuhi, na kila aliyeiona alinitania kuwa nataka kuwapima wote sare.

Mume wangu akainama akachungulia. Akazungusha lenzi kulia. Akaizungusha kushoto. Akatoa leso, akafuta kijidirisha, akachungulia tena. Jasho lilikuwa likimtiririka nyuma ya sikio, nami nikaliona likiingia kwenye kola niliyoipiga pasi mwenyewe.

"Bwana mkubwa, tuzeekee hapa?" akasema shemeji mmoja.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Wifi yangu wa mwisho akasema jua linakwenda, na kweli kivuli cha ukuta kilishafika ngazi ya chini. Mume wangu akaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa, akakiweka tena. Nilijua angebonyeza. Angebonyeza mpaka filamu iishe, picha thelathini na sita, wangepeana mikono, wangesafiri, na baada ya wiki mbili msumari ule ungening'iniza ukungu. Na Jumatatu angerudi kwenye kisu.

Nikatoka pale nilipokuwa. Nikavua tepu shingoni, nikaweka ncha yake kwenye kamera.

"Unafanya nini?" akaninong'oneza.

"Napima."

"Unapima nini, mke wangu? Watu wanatutazama."

Nikashindwa kupata njia nzuri ya kulisema, basi nikalisema lilivyo.

"Ile nguzo ilikuwa moja."

Hakuelewa mara moja. Niliona jinsi lilivyomfika: kwanza nyusi, kisha mdomo, kisha mkono ulioachia kamera. Akanitazama kwa muda, na sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, wala sitaki tena.

"Ulisema mbili."

"Nilikudanganya. Niliogopa. Kamera ilikuwa nzima."

Ngazini kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikaivuta tepu kuelekea kwa mama mkwe kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, na tepu ya fundi ni sentimita mia na hamsini, ikaishia hewani, hata nusu ya njia haijafika. Nikasimama pale na ncha mkononi, machozi yananilenga, mjinga wa mwisho duniani.

"Hiyo haifiki," alisema mama mkwe. "Leteni ile kamba."

"Kamba gani, Mama?" aliuliza shemeji yule yule.

"Ya kwenye mfuko wa kamera. Yenye mafundo."

Nikaifungua mfukoni, nikampelekea. Aliishika ncha bila kuitazama.

"Fundo la kwanza mita mbili, la pili tatu, la tatu nne," alisema. "Baba yenu alikuwa haoni. Ile picha ya mwisho aliipima kwa hii. Mimi nilishika huku, yeye akavuta kule. Akaniambia nifiche ncha, nikaificha." Akainua mkono wa kulia, akaukunja ngumi. "Mmenicheka miaka kumi na sita na peremende zenu."

Watoto wakaitazama ngumi ile.

"Na hapa," akagonga ngazi kwa kisigino, "hapakuwa na maji. Hakuiona ngazi ya mwisho. Maji niliyamwaga mimi, kabla hamjafika, msije mkajua. Aliniomba nisiseme, nami nilikuwa mke mzuri." Akanigeukia. "Wewe umeshasema?"

"Nimesema, Mama. Sasa hivi."

"Umechelewa, lakini umesema."

Mume wangu alikuwa bado amesimama nyuma ya stendi. Alijifuta uso kwa leso ile ile ya kufutia kijidirisha. Nilidhani angeondoka. Nilidhani angenitukana mbele ya ndugu zake, na haki ya kunitukana alikuwa nayo.

"Jicho la kulia," akasema, akiwaambia wao, siyo mimi. "Naona kila kitu mara mbili. Na taa naziona zina ndevu. Tangu mwaka jana." Kisha, kwa sauti ndogo, "La kushoto nalo limeanza."

Shemeji mkubwa alitaka kushuka ngazi aende kwake. Mama mkwe akamkataza asivuruge mpangilio.

Mume wangu akaishika kamba, akaivuta mpaka ikanyooka kutoka mkononi mwa mama yake. Akasogeza stendi nyuma hatua moja hadi fundo la tatu likagusa kamera. Akazungusha lenzi. Akaniita kwa kidole. "Nisomee. Iko kwenye nne?"

Nikainama nikatazama nambari mara tatu. "Iko kwenye nne."

"Una hakika?"

"Iko kwenye nne, Milimita. Naapa."

Aliporudi kusimama sawa alimwambia mama yake afiche kamba.

"Nifiche nini tena?" alisema mama mkwe. Akaufungua mkono, akaiacha kamba ilale juu ya kiganja waziwazi, gumba limeibana. "Piga."

Akapiga. Akavuta filamu, nikatazama kile kirungu cha pembeni kikizunguka, ndiyo dalili kwamba filamu inakwenda, na akapiga tena. Alipiga mara tano tu, kisha jua likaondoka ngazini.

Njiani kurudi hakunisemesha. Jumapili hakuitandikia kamera taulo. Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa nguo za kazi, moyo ukanitoka, lakini alikuwa anakwenda kiwandani kumweleza msimamizi wake mwenyewe, kwa mdomo wake. Walimhamishia chumba cha kufunga vitabu, mbali na kisu. Saa nane tulikuwa kliniki ya macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa, wakasema litafanyiwa upasuaji baada ya wiki mbili. Nilimwuliza daktari kama ataona, akasema wengi wanaona. Neno lile "wengi" nililala nalo na kuamka nalo siku kumi na nne.

Mzee wa Studio huchanganya dawa zake akishapata filamu za kutosha, kwa hiyo picha ilitoka siku moja baada ya upasuaji. Niliifuata mwenyewe. Bahasha niliibeba bila kuifungua; mguu mmoja ulikuwa ukiniambia nikimbie na mwingine nisifike.

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto lina ukungu wake. Aliisikia bahasha kabla ya kuniona.

"Ifungue," akasema. "Na usinifurahishe."

Nikaifungua. Nilikaa karibu naye, nikaisogeza dirishani.

"Kaka yako mkubwa amefumba macho," nikasema. "Mdogo wako wa mwisho anacheka, jino lile la pembeni linaonekana. Gauni nililomshonea Mama limekaa vibaya begani."

"Mama."

"Mama yuko safi. Mikunjo yote ninaiona. Anakutazama."

Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Na kamba?"

"Iko kiganjani mwake. Pale mkononi inaonekana hata nyuzi zilivyosokotwa. Halafu inakuja huku, inakuja kwako, na kadiri inavyokaribia inafifia."

"Unaziona ngapi?"

"Moja."

Akangoja kuona kama nitabadilisha. Sikubadilisha.